Tuijadili riwaya ya paka aliyepotea, na yule kijana aliyesingiziwa

BintiLangoni

Assalamu alaykum wanajamvi. Kwanza tahadhari: humu nitamtaja mwizi kwa jina. Ambaye bado anakisoma kitabu na hajafika mwisho akimalize kwanza, uzi utamngoja.

Naleta kwenu The Mystery of the Disappearing Cat, riwaya ya watoto ya Enid Blyton. Ilitoka 1944, nayo ni ya pili katika mfululizo wa vitabu 15 vya watoto watano wapelelezi na mbwa wao. Cha kwanza kilitoka 1943 na cha mwisho 1961. Vitabu vya mwandishi huyu vimezunguka shule za Kenya miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo najua humu wamo waliovisoma utotoni. Mimi huwasomea watoto wa mtaani kwetu hapa Lamu barazani baada ya alasiri, sura moja moja, nawageuzia kwa Kiswahili palepale. Maswali yao ndiyo yaliyonileta hapa.

Kwa ambao hawajakisoma, kisa chenyewe ni hiki. Tuko kijiji cha Peterswood, Uingereza, likizo ya kiangazi. Jirani wa watoto wawili kati ya wale watano ni mama tajiri, Lady Candling, anayefuga paka wa Siamu wa mashindano. Paka hao wanakaa bandani, wanatunzwa na dada mmoja aitwaye Miss Harmer. Mwenye sifa kuliko wote ni Dark Queen. Huyo utamjua kwa mkia: aliwahi kuumwa na paka mwenzake, na pale kwenye jeraha nywele zikaota rangi ya malai katikati ya mkia mweusi. Bustani ina mkubwa wake, Tupping, mtu wa kelele na roho mbaya. Chini yake yuko Luke, kijana wa miaka kama 15 anayeishi na baba wa kambo anayemwogopa. Luke ni mtu wa watu. Bets, mdogo wa wapelelezi, mtoto wa miaka minane, anampenda kwa sababu anamchongea filimbi za mti.

Siku moja Miss Harmer hayupo, Dark Queen anapotea. Saa kumi alasiri kaonekana bandani kwa macho ya watu, saa kumi na moja hayupo. Saa hiyo nzima Luke alikuwa akilima hatua chache tu kutoka bandani. Na humo bandani inaokotwa filimbi.

Kinachoniuma mimi ni kwamba anayemfunga Luke kamba ni Luke mwenyewe. Anaulizwa kama aliondoka pale, anasema hakuondoka. Anaulizwa kama alimwona mtu akisogea bandani, anasema hakuona mtu. Angesema alikwenda kunywa maji, au aliona kivuli kikipita, angejipa nafasi. Hakusema, kwa kuwa halikutokea. Ukweli wake ndio unaowafanya wakubwa wote waseme basi, kama hapakuja mtu mwingine, ni wewe.

Nilipofika hapo nilifunga kitabu nikawauliza watoto nani kaiba. Wengi wakasema Luke. Mmoja, ambaye kaka yake ni hamali gatini, akanyamaza, halafu akasema: "Kitu kikipotea, kaka huulizwa yeye mwanzo." Wenzake wakamtazama. Tangu siku hiyo usomaji wetu umebadilika, wanasikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Mimi nasema kitabu hiki tuwasomee watoto wetu, na tuwasomee kwa ajili ya Luke. Nataka kusikia yenu.

MwalimuMalindi

Waalaykumu salaam dada. Nakushukuru kwa uzi, ila nitakupinga kidogo, na nakupinga kama mtu anayesimama mbele ya darasa la tano kila siku hapa Malindi.

Umeruka jambo kubwa. Wale watoto watano wanapoikuta ile filimbi bandani wanaichukua na kuificha, kwa kuwa wanampenda Luke. Sawa, moyo mzuri. Lakini hawakuishia hapo. Wanatia bandani vitu vya uongo, vipande vya sigara na kadhalika, ili polisi wa kijiji, Mr Goon, ahangaike navyo. Huku ni kuharibu ushahidi, na anayepata hatari ni yuleyule wanayetaka kumwokoa. Tuseme Goon angegundua. Angesema nini? Angesema rafiki zake Luke wamefuta nyayo zake. Mwandishi analipitisha jambo hili kama mchezo wa likizo, na mtoto anayesoma peke yake anacheka, anafungua ukurasa unaofuata.

Tena Goon mwenyewe. Kila kitabu katika mfululizo huu anachekwa kwa unene wake na ujinga wake. Sisemi polisi wasikosolewe, Mungu atuepushe. Nasema ukimchora mtu kuwa kikaragosi, hujamkosoa. Kosa la Goon ni zito: anamshika mnyonge kwa kuwa ni rahisi kumshika. Hilo ndilo la kumwambia mtoto, lisifunikwe na kucheka tumbo lake.

Na mwisho kabisa, mwandishi huyu amelaumiwa kwa miaka mingi, hata kwao, kwa kudharau watu wa tabaka la chini na kwa ubaguzi wa rangi katika baadhi ya vitabu vyake. Hilo nalo mzazi alijue kabla hajamkabidhi mtoto kitabu.

MamaShela

Jamani nami niseme la kwangu. Nimewasomea wanangu kitabu hichohicho, na hawakufika hata kwenye wizi. Walisimama bandani.

Mdogo aliuliza: "Kwani kafanya nini hata kafungwa?" Nikamwambia ni paka wa thamani, wanaogopa ataibwa. Akaniambia ustadhi chuoni amewahadithia juu ya yule mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka, alimfunga, hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie chakula chake ardhini. Mnaijua hadithi hiyo, imo katika Bukhari na Muslim. Mwanangu akakata shauri kuwa Lady Candling ndiye mkosa na aliyemchukua paka kamwokoa.

Ikabidi tukae tuzungumze. Nikamwonyesha kwamba Miss Harmer anawalisha, anawasafishia, anawajua mmoja mmoja. Dada yake mkubwa akasema ndiyo, lakini hawatembei. Sikuwa na la kumjibu hapo. Mtoto wa Shela amezaliwa akaona paka yuko darini, yuko barazani, yuko gatini, hana mwenyewe na kila mtu ni mwenyewe. Hata paka wa "nyumba yetu" hula kwa jirani. Kumweleza kuwa paka anaweza kuuzwa kwa fedha za kununulia mashua ni kazi.

BintiLangoni

Dada MamaShela, umenigusa. Wangu pia walilisimamia banda, lakini walikuja kwa mlango mwingine: walitaka kujua Dark Queen anatofautianaje na hawa wetu. Wetu wembamba, miguu mirefu, shingo ndefu, na wageni wakija hawaachi kusema wanafanana na paka waliochorwa kwenye makaburi ya Misri. Asubuhi nenda soko la samaki, pale nyuma ya Ngome, wakati watu wanaparua changu na kutumbua tafi. Utawaona wamekaa safu wanangoja matumbo, kila mmoja na nafasi yake, na akiingia mgeni zinapigwa. Sasa nambieni, akipotea mmoja pale nani atajua?

Lakini nikaulizwa swali hilohilo na kijana mmoja, naye akajijibu: "Muuza samaki atajua." Na ni kweli. Yule anayewatupia kila siku anawajua. Hapo ndipo kitabu kinapofungukia. Tupping anaiba siku ambayo Miss Harmer hayupo, kwa sababu Miss Harmer ndiye pekee anayewajua wale paka kwa sura. Wengine wote wanamjua Dark Queen kwa ile alama ya mkiani tu.

Mwalimu, yako nitayarudia, yanataka kufikiriwa.

FundiMatondoni

Hamjambo. Mimi ni fundi wa vyombo, na nimesoma uzi huu kwa sababu mtoto wangu alinihadithia mwisho wa kitabu akitaka nimhakikishie kama inawezekana.

Kwa wasiojua: Dark Queen aliibwa asubuhi. Tupping akachukua paka mwingine wa mlemle bandani, akampaka rangi mkiani iwe kama ile alama. Wageni walipokuja saa kumi, wakaona mkia wenye alama, wakaridhika kuwa Dark Queen yupo. Baadaye akapata nafasi, akaifuta ile rangi kwa kitambaa chenye tapentaini, alama ikatoka, na papo hapo Dark Queen akawa "amepotea". Hivyo ile saa moja ambayo Luke alikuwa bustanini haikuhusiana na wizi hata kidogo. Kilichomfichua Tupping ni harufu ya tapentaini na rangi.

Sasa ya ufundi. Rangi ya mafuta haikauki haraka, kwa hiyo kuifuta kwa tapentaini ikiwa bado mbichi kunawezekana, naam. Harufu ndiyo isiyofichika. Ukishika tapentaini asubuhi, jioni bado mkono unanuka hata kama umeosha kwa sabuni ya mche. Mwandishi hakukosea kuweka ushahidi puani. Ila paka! Paka hatulii akiwa na kitu mkiani. Atajilamba. Hapo mwanangu nilimwambia sina hakika.

TabibuWaMifugo

Fundi, hakika ninayo mimi. Paka atajilamba, na tapentaini ni sumu kwake. Inamchoma ngozi, inamchoma ulimi, na ikiingia tumboni au mapafuni anaweza kufa. Kwa hiyo wazazi, mkisoma sehemu hiyo waambieni watoto wazi kabisa wasijaribu kumfuta paka rangi kwa tapentaini, mafuta ya taa wala petroli. Paka akijipaka rangi mbichi, kata nywele zile kwa mkasi, au osha kwa maji vuguvugu na sabuni laini kama rangi ni ya maji. Kisha mwone mtaalamu.

Lakini kuna jambo katika kitabu hiki ambalo limenifurahisha kitaaluma, nalo ni ile alama ya mkiani. Paka wa Siamu huzaliwa karibu mweupe mtupu. Mwilini mwake kuna kimeng'enya kinachotengeneza rangi ya nywele ambacho hakifanyi kazi vizuri penye joto. Tumboni mwa mama kuna joto, ndiyo maana anatoka mweupe. Akishazaliwa, sehemu zinazopoa, yaani masikio, pua, miguu na mkia, ndizo zinazokuwa nyeusi, na kiwiliwili kinabaki na rangi ya malai. Sasa paka wa namna hii akiumwa mkiani, pale penye kidonda panavimba, panapata joto, na nywele mpya zinaweza kuota nyeupe. Zikija kupukutika, zinazofuata huwa nyeusi tena. Kwa hiyo alama ya Dark Queen ni jambo linalotokea kweli. Mwambieni mtoto anayependa sayansi. Somo kama hilo katika kitabu cha hadithi halipatikani kila siku.

KijanaMkomani

Daktari, sikuwahi kujua hilo na nimekisoma kitabu hiki tangu shule ya msingi! Nilikipata kimechanika jalada, sikujua hata jina lake mpaka nilipokuwa mkubwa.

Ninavyoona mimi, siri ya kitabu hiki kumkamata mtoto ni Bets. Wakubwa hawamwamini Luke, na wenzake nao mara nyingi hawamsikilizi Bets kwa sababu ni mdogo. Luke alimpa miche ya stroberi akaipanda kwenye kibustani chake, na Tupping akaja akaing'oa. Mkumbuke mtoto wa miaka minane, mtu mzima anakuja kung'oa miche yake mbele yake, na hana wa kumshtakia. Mimi nilikuwa na umri kama huo nilipokisoma. Paka nilimsahau upesi, ile miche sijaisahau.

Fatty, mmoja wa wale wapelelezi watano, anaringa sana, hilo nakubali. Lakini anakuwa mtu mbele ya Bets.

Na swali moja: mbona hawakuhesabu? Asubuhi paka mmoja kaondolewa. Saa kumi wageni wanawaangalia paka. Angetokea mtu mmoja akahesabu, angekuta wamepungua mmoja na mchezo ungeisha palepale.

BintiLangoni

Hilo la kuhesabu, KijanaMkomani, binti mmoja wa barazani alilitoa kabla hata sijafika sura ya mwisho. Kwao wana mbuzi. Alisema kwao jioni huhesabiwa mbuzi, haiangaliwi alama. "Unaweza kumwona mwenye doa ukadhani wote wapo." Nilibaki nimemtazama. Tulirudi nyuma, tukasoma upya ile sehemu ya wageni wa saa kumi, na watoto wakaanza kukasirika, wanapiga kelele "hesabu, hesabu!"

Sasa Mwalimu, nimefikiria. La ushahidi wa uongo una haki, na nakubaliana nawe kwamba mtoto asiachwe apite hapo akicheka. Lakini sitaki kitabu kiondolewe kwa ajili yake. Nilipofika pale niliwauliza watoto kama wangeificha filimbi. Wakagawanyika. Wengine walisema rafiki haachwi. Wengine walisema ukificha ni kama unakubali kuwa ni yeye. Wamebishana mpaka adhana ya magharibi. Kitabu chenye watoto wasiokosea kisingetupa jioni ile.

MwalimuMalindi

Dada, hapo umesema, lakini angalia ulichosema. Jioni ile haikuletwa na kitabu. Umeileta wewe, kwa kufunga ukurasa na kuuliza. Darasani kwangu vitabu havitoshi, watoto hugawana, mmoja anasoma haraka mwingine anasubiri. Nani atafunga ukurasa pale? Hofu yangu ni kwa mtoto huyo anayesoma peke yake.

Na la dharau bado hujanijibu. Wapelelezi wote watano ni watoto wa wenye nazo. Luke anaokolewa. Katika kitabu kizima hapewi nafasi ya kujiokoa, hata ya kufikiria tu nani kaweka filimbi yake bandani. Yeye analia, anaogopa, anatoroka, anafichwa, wengine wanafikiri kwa niaba yake. Yule mtoto wako mwenye kaka hamali, atajiona wapi humo?

FundiMatondoni

Mwalimu, niruhusu nijibu kwa upande wa kazi. Nimewahi kuwa mwanafunzi wa fundi. Chombo kikipotea pale pwani, msumeno, keekee, hata tupa ya kunolea, macho yote humgeukia mwanafunzi, na hasa yule asiye na baba pale mjini. Unajua unachofanya? Hufikirii kabisa nani kaiba. Akili yote inakimbilia wapi nilikuwa, nani aliniona, nikisema hivi watasemaje. Unaogopa mpaka unasahau hata uliyoyaona kwa macho yako. Kwa hiyo Luke kulia na kushindwa kufikiri, mimi sikuona dharau. Niliona mtu aliyeandikwa kama alivyo.

Ninalolaumu ni jingine. Tupping ndiye mkubwa wake Luke kazini. Anamwibia tajiri, na anamtupia lawama kijana wake mwenyewe, ambaye kila siku anamwamrisha lima hapa, chota pale. Alichagua hata mahali pa kumweka alime siku ile. Ubaya wa namna hiyo watoto wanaujua zaidi ya tunavyodhani. Ningependa mwandishi angekaa hapo zaidi. Amepita mbio akaenda kumcheka Goon.

MwalimuMalindi

Fundi, hapo nakubali. La mkubwa kumtwika mdogo wake sikulitazama.

MwenyePunda

Salaam kwenu. Nasoma tangu asubuhi, sasa nami nitoe langu. Yote mazuri, lakini kwa nini mtoto wa Lamu apelekwe mpaka Peterswood kutafuta mnyama aliyepotea?

Sisi wanyama wetu wanapotea. Punda wa hapa mnawajua, wakimaliza mizigo ya mchanga na matofali huachwa watembee wenyewe, kila mmoja anajua njia ya kwao. Mji wetu ndio huu, vichochoro havipitishi gari, bila punda hakijengwi chumba. Asiporudi jioni, unafanya nini? Unapita Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, unauliza kila baraza, unakwenda mpaka Wiyoni. Kuna waliomwona na hawakumwona, kuna aliyeona punda mwenye kovu begani akadhani ni wako, unakimbia unakuta siye. Upelelezi tupu!

Tena si mambo ya kubuni. Machinjio ya punda ya kibiashara yalipofunguliwa nchini, ngozi zikapelekwa China kutengenezea dawa yao ya ejiao, na wizi wa punda ukawa kilio sehemu nyingi za Kenya. Februari 2020 serikali ilipiga marufuku biashara ile, na 2021 Mahakama Kuu ikaitengua marufuku hiyo. Mwandishi wa watoto anataka kisa gani zaidi ya hicho? Punda ameondoka asubuhi na mchanga, alasiri watu wamemwona gatini na kovu lake, jioni hayupo. Nani alimwona kweli, na nani aliona kovu? Na anayeshukiwa ni yule kijana anayemswaga.

MamaShela

Ewe MwenyePunda, andika! Sisemi kwa kukupamba. Hiyo sentensi ya mwisho tu wanangu wangekaa macho mpaka usiku.

TabibuWaMifugo

Nami naunga mkono. Ukitaka ya kitaalamu, nenda pale hifadhi ya punda, ipo Lamu tangu 1987, wanatibu bila malipo na wanajua kila namna ya kovu na chanzo chake. Kovu la tandiko lina mahali pake na umbo lake, huwezi kulichanganya na la kuumwa. Na punda ni kama yule paka wa Siamu, nywele zinazoota juu ya jeraha la zamani mara nyingi hutoka nyeupe. Ila hizo za punda ni kwa sababu ngozi iliyotengeneza rangi imeharibika, hazirudi kuwa za zamani. Kwa hiyo mwizi wako wa punda atapaka rangi ya kuficha nyeupe. Usimpe tapentaini tafadhali, mpe masizi na mafuta.

BiMkubwaMkomani

Wanangu, nimewasoma kwa msaada wa mjukuu. Mmenena vizuri, ila mmezunguka sana penye njia fupi. Katika Suratul Hujurat tumeamrishwa mambo mawili karibu karibu: ikija habari tuichunguze tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, na tujiepushe na dhana nyingi kwa kuwa nyingine ni dhambi. Hao watu wa kijiji cha Uingereza wamemdhania mtoto wa watu kwa kuwa alikuwapo. Basi mtoto asomewe hicho kitabu, akimaliza asomewe na aya hizo, na aulizwe ni nani katika kitabu aliyechunguza na ni nani aliyedhani tu. Na yule mama aliyemfungia paka bandani, nitamwachia Mola wake, maana kamlisha.

Na wewe MwenyePunda, ukiandika, yule kijana wa punda mpe mama. Kitabu hicho nimemsikiliza mjukuu akinisomea, Luke hana mama wa kumsimamia popote, ndiyo maana imekuwa rahisi vile. Hapa kwetu mama yake angekuwa ameshafika mlangoni kwa Lady huyo kabla ya magharibi, na bui bui lake halijafungwa sawasawa.

BintiLangoni

Bibi, shikamoo. Naichukua kama ilivyo, na watoto nitawauliza hivyohivyo, aliyechunguza na aliyedhani.

Mwalimu, la mtoto anayesoma peke yake limenikaa. Nimeshauriana na wenzangu wawili hapa, tutaandika maswali machache kwenye karatasi na kuibandika ndani ya kitabu, pale watoto wanapotia vitu vya uongo bandani na pale Luke anapohojiwa. Nitakupigia picha uyatazame, uyafute ambayo hayafai. Darasa lako likitaka, yachukueni. Swali la kwanza lishaandikwa, ni la yule binti wa mbuzi: paka walikuwa wangapi asubuhi?

MwalimuMalindi

Yatume, nitayatazama. Na mimi naongeza moja, liwe la mwisho kabisa baada ya mwizi kukamatwa: nani alikwenda kumwomba Luke radhi? Watoto walitafute wenyewe kitabuni, tuone watarudi na majina mangapi.

MwenyePunda

Mnaniharakisha, lakini nimeanza. Mama yake yumo, Bibi. Sasa nahitaji mtu wa kunieleza vizuri mambo ya gatini usiku, majahazi yanayopakia kwenda bara yanakaguliwa saa ngapi na nani, maana punda lazima apitie mahali. Fundi, uko?

FundiMatondoni

Nipo. Punda hapandi jahazi kimya, kwanza ujue hilo. Njoo Ijumaa baada ya sala, nitakuonyesha ubao wanaotumia kumpandishia na mahali anapofungwa, kisha wewe mwenyewe utaamua mwizi wako apite wapi.